Amekosana na Nani, Hata Aimbe Peke Yake?

Fundi wa sauti hufundishwa kutafuta mdomo wa kwanza. Ukifika penye muziki unauliza nani anaongoza, unamwekea maiki yeye, kisha wengine unawapanga nyuma kwa kadiri ya vifaa ulivyo navyo. Kwaya ya kanisa ina mdomo wa kwanza. Bendi ya rumba inao. Hata msibani yupo mama mmoja anayeanza, wenzake wakampokea. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi katika redio ndogo ya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na sikuwahi kuitilia shaka mpaka nilipoanza kutumwa kurekodi nyimbo za Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri, katika kambi zao magharibi ya mji wa Mambasa.

Kambi ya Wambuti ni vibanda vichache vya fito zilizopindwa na kuezekwa majani mapana. Wanawake ndio wanaovijenga, na mlango wa kibanda hutazama kwa jirani unayepatana naye. Ukikosana naye, unaugeuza. Jioni kila mtu huketi mlangoni pake, na hapo ndipo nyimbo huanzia, bila tangazo na bila mtu kusimama katikati. Mama aliyekuwa akimenya mihogo alitoa sauti tatu, nne. Kabla hajazimaliza, mwenzake wa kibanda cha pili alikuwa amezidaka na kuziendeleza kwa juu. Kijana mmoja akaweka sauti moja tu ya chini, akanyamaza, akaiweka tena. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa dada yake akaingiza yake, na haikuwa ya kupoteza. Nikakimbiza maiki kwa yule mama, nikamkuta amenyamaza na kurudia mihogo yake. Wimbo ulikuwa umehamia ng'ambo ya kambi.

Siku ya pili nilimwomba mzee mmoja anitafutie mwimbaji hodari, aje aimbe peke yake nimnase vizuri. Alinitazama kwa muda kidogo.

"Aimbe peke yake? Amekosana na nani?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Naye alicheka, lakini mwimbaji hakumleta.

Anayejua kutwanga ataelewa haraka kuliko aliyesomea muziki. Wanawake watatu wenye kinu kimoja na michi mitatu: kila mchi unaingia pale mwingine unapotoka, na asiyesikiliza wenzake atawavunja vidole. Wimbo wa Wambuti umejengwa hivyo. Kila mtu ana kipande, pengine sauti mbili tu, na kipande hicho peke yake hakina maana yoyote. Sauti huruka kutoka kifuani hadi kooni na kurudi, ikijaza nafasi aliyoiacha mwenzako, na akikosekana mmoja shimo linasikika. Hakuna aliyepewa kipande chake kwa maagizo. Unasikiliza, unaona pako, unaingia.

Wapo wanaosema uimbaji huu umetokana na uwindaji wa nyavu. Hoja yenyewe haina ubaya: kila familia ina wavu wake, nyavu huungwa zikafanya nusu duara msituni, wanawake na watoto wakafukuza mboloko na wanyama wengine kuelekea huko kwa kelele. Wavu mmoja haukamati kitu. Ila Waefe, ambao nao ni Wambuti wa Ituri, huwinda zaidi kwa upinde na mshale, na bado huimba kwa sauti zinazopishana vilevile. Kwa hiyo mimi siukubali ule urahisi wa kusema tumbo ndilo lililofundisha koo. Naona ni malezi. Mtoto wa kule hukua akijua kwamba sauti yake inangojewa, na kwamba haingojewi wakati wote.

Mhariri wangu alitaka maneno. Kila nikirudi na sauti, swali lake lilikuwa lile lile: wanasema nini? Redio hupenda maneno, kwa kuwa maneno yanaweza kutafsiriwa na kujaza dakika. Sasa nyimbo nyingi za Wambuti zina maneno machache mno, na baadhi hazina kabisa. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Uingereza na aliyeishi Epulu, kijiji cha msituni Ituri, kwa vipindi katika miaka ya 1950, alieleza jambo hilo kuhusu molimo, ibada kubwa ya nyimbo inayofanywa usiku, hasa baada ya kifo. Wimbo hausemi zaidi ya kwamba msitu ni mwema. Wazee walimweleza hivi: mambo yakiharibika, yaani watu wakifa au wanyama wasipopatikana, ni kwamba msitu umelala, haukuwatunza watoto wake. Basi wanauimbia ili uamke, na wanataka uamke ukiwa na furaha. Hawauombi nyama, wala hawamlaani aliyeleta kifo. Giza likiwapo, giza hilo ni la msitu, basi nalo ni jema.

Wengi wetu tunaoishi pembezoni mwa msitu huo huo, kifo kikitokea tunamtafuta mtu aliyekileta. Sisemi Wambuti hawajui habari za uchawi. Wamekaa na sisi wanavijiji muda mrefu mno wasizijue. Lakini nimekaa matanga ya pande zote mbili, na najua ni upande upi niliotoka kwenye matanga bila kumwogopa jirani.

Sasa nisije nikawachora malaika. Kambi ya Wambuti ina kelele. Wanagombana kwa nyama, kwa wake, kwa uvivu, kwa mtu kutega wavu mbele ya nyavu za wenzake, na wakigombana kila mtu hutoka kibandani kutoa maoni yake. Turnbull mwenyewe, ambaye wataalamu waliomfuata walimlaumu kwa kuwapenda kupita kiasi, alijaza maandishi yake ugomvi wa aina hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuhukumu. Hakuna chifu. Anayetokea mbele ya serikali au mbele ya wanavijiji kama mkubwa wao, akirudi kambini ni mtu kama wengine, tena hutaniwa kwa ukubwa huo. Ugomvi ukikosa hakimu lazima upate kitu kingine cha kuumaliza, na hapo ndipo niliona wimbo ukifanya kazi ambayo sikuwahi kuirekodi popote.

Palikuwa na bwana mmoja aliyelalamika asubuhi nzima kwamba kaka yake amegawa nyama vibaya. Sauti yake ilipanda mpaka nikazima mashine. Kutoka kibanda cha mbali bibi mmoja akaanza kuimba kilio kile kile, kwa mkato ule ule, na pua ile ile iliyoziba. Wasichana wakakidaka. Kijana akainuka akaanza kutembea kama yule bwana, kidole juu, tumbo mbele. Dakika chache tu, malalamiko yakawa wimbo wa kambi nzima, na kila bwana yule alipofungua kinywa alikuta neno lake limeshaimbwa. Alikasirika zaidi. Kisha akakaa. Kisha akaanza kucheka kwa shida, mabega yakimtikisika, na nilipowasha tena mashine alikuwa ameingia mle mle wimboni, akiimba kipande cha kujicheka mwenyewe.

Sisi watu wa Kiswahili tuna mipasho, na tunajua wimbo unavyoweza kuchoma. Mpasho mzuri unaingia na kubaki ndani. Unayempasha anakwenda nao nyumbani, anautafutia jibu mwaka mzima. Kejeli ya kambi ile haikumwacha mwenyewe nje. Ilimfungulia mlango wa kuingilia, na haikukoma mpaka alipoingia. Tena siyo kila mtu ana uwezo huo wa kuchoma bila kuunguza. Kambi nyingi huwa na mchekeshaji wake, na ugomvi ukizidi hujitia yeye kosa, akafanya upumbavu mkubwa zaidi ya wa wagombanaji, ili kicheko kimwangukie yeye. Kazi hiyo haina malipo, na sidhani ningeiweza.

Kuna na njia kali zaidi. Mbali na molimo mkubwa wa msiba upo ule mdogo, ambao vijana huutoa kambi inapochafuka kwa kelele za ugomvi. Molimo wenyewe ni baragumu refu linalogeuza sauti ya mtu ikawa ya mnyama. Turnbull alishangaa kukuta moja lililotengenezwa kwa bomba la chuma, na wenyewe wakamwambia kinachohitajika ni sauti, siyo mti. Vijana hupita nalo kambini, wakavipiga vibanda vya wale waliosababisha fujo. Wazee hawawazuii. Fikiria mahali ambapo vijana ndio wanaowakemea wakubwa, kwa muziki, na mkubwa hana la kujibu.

Wanawake nao hawakuachwa nje ya mambo haya, ingawa kwa jina molimo ni wa wanaume. Katika molimo mkubwa aliousimulia Turnbull, bibi mmoja mzee alicheza mpaka akautawanya moto wa ibada kwa miguu yake, wanaume wakaukusanya, akautawanya tena. Kisha akachukua kamba akawafunga wanaume shingo kwa shingo. Walikaa pale, wawindaji wote hao, wakikiri kwamba wamefungwa wao, umefungwa uwindaji, umefungwa na molimo, wakawa hawana budi kumpa kitu ili awafungue. Nilipokisoma kisa hicho kwa sauti mbele ya akina mama wa kambi niliyokuwa nikirekodi, mmoja wao alitikisa kichwa tu, akauliza bibi yule alilipwa nini.

Msimu wa asali wanaume na wanawake huvutana kamba, huku kila upande ukiimba na kujibiwa na mwenzake. Upande mmoja ukikaribia kushinda, mtu wake mmoja hukimbilia upande unaoshindwa, akaanza kuimba kwa kuwaigiza wa upande huo: mwanamume kwa sauti nyembamba, mwanamke kwa sauti ya kifua. Anafuata mwingine, na mwingine, hadi wote wamebadilishana na kamba haijulikani ni ya nani, wakaanguka chini kwa vicheko. Ukilitazama juu juu utaona mchezo wa watoto. Ila jiulize ni michezo mingapi unayoijua ambayo kanuni yake ni kwamba mshindi asipatikane.

Wimbo wa wasichana ndio uliosafiri mbali kuliko Mmbuti yeyote. Msichana akivunja ungo, kambi hushangilia. Hukaa na wenzake katika nyumba ya elima, mama mzoefu akiwafundisha nyimbo za wanawake, na wavulana huja nje kuwaitikia. Wimbo mmoja wa elima, ulionaswa na Turnbull, uliwekwa katika rekodi ya dhahabu iliyofungwa kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager vilivyorushwa na Marekani Agosti na Septemba 1977. Una sekunde 56. Agosti 2012 chombo kimoja kilivuka mpaka wa upepo wa jua kikaingia katika anga la kati ya nyota, na wimbo ukiwa ndani yake. Juni ya mwaka huo huo, wapiganaji wenye silaha walivamia Epulu, kijiji alichofanyia kazi Turnbull na makao ya Hifadhi ya Okapi, wakaua watu na kuua okapi, wanyama wa jamii ya twiga, waliokuwa wakitunzwa pale. Nimewahi kuyaweka mambo haya mawili katika kipindi kimoja, bila maelezo yangu. Simu zilizopigwa studio ziliuliza juu ya okapi.

Turudi kwenye kazi. Nilipochoka kukimbiza maiki nilisoma jinsi Simha Arom, mtaalamu wa muziki, alivyofanya kwa Waaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao uimbaji wao una undugu mkubwa na huu. Alirekodi wote pamoja, kisha akamvalisha mmoja hedifoni, akamchezea wimbo masikioni huku akimnasa peke yake. Akafanya hivyo kwa mmoja mmoja, mpaka kila sauti ikawa na ukanda wake. Kwa njia hiyo aliweza kuonyesha kwamba ile inayosikika kama fujo nzuri ina nguzo nne, na Waaka wenyewe wanazijua kwa majina: motangole anayeanzisha, ngue wa lembo ambaye ni mama wa wimbo, osese anayekaa chini, na diyei anayeruka juu. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza urithi huo wa Waaka kuwa hazina ya binadamu, na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha yake rasmi.

Nami nikajaribu. Mama mmoja alikubali kuvaa hedifoni, akafumba macho, akaimba vizuri sana. Tuliporudia, akaimba kingine. Mara ya tatu, kingine tena. Nilimwuliza kipi ndicho chake. Akasema vyote, inategemea shemeji yake anapita wapi. Lakini shemeji yumo humo masikioni, nikamwambia, unamsikia. "Namsikia," akajibu, "ila yeye hanisikii mimi." Akavua hedifoni, akamwita shemeji aje kukaa karibu, na kazi ya Arom ikaishia hapo kwa upande wangu. Yeye alikuwa na subira na elimu ya kuipita hatua hiyo. Mimi nilikuwa na betri mbili.

Si kila jamii isiyopenda kupigana, kama Wambuti, huimba namna hii, na ni vizuri kulisema hilo kabla mtu hajatengeneza kanuni. Kule Mindoro, Ufilipino, Wahanunoo wa jamii ya Mangyan wana ushairi uitwao ambahan ambao malenga wetu wangeutambua kwa masikio: kila mshororo mizani saba, kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho, nao huchongwa kwa kisu juu ya mianzi kwa hati yao wenyewe. Kijana humtongoza msichana kwa ambahan, mzazi humkanya mtoto kwa ambahan, mgeni huomba kula kwa ambahan, kila kitu kwa mafumbo, ili anayekataa asilazimike kukataa waziwazi. Huo ni ushairi wa mtu na mtu, wala hauhitaji kambi nzima. Kaskazini kabisa, Wainuiti wa Greenland ya mashariki walimaliza ugomvi kwa kusimama wawili na ngoma, wakatukanana kwa nyimbo walizozitunga miezi mingi, na watu wakicheka upande mmoja, upande wa pili umeshindwa. Anayepandisha hasira ndiye aliyekwisha. Njia hizi hazifanani, isipokuwa kwamba katika zote hasira hupewa kazi ngumu ya kufanya kabla haijafika mkononi.

Hata kwa Wambuti wenyewe upo wimbo wa peke yake. Turnbull aliandika kwamba mama humtungia mtoto wake bembelezo lisilokuwa la mtoto mwingine, na hakuna mwingine anayemwimbia. Nililisikia moja usiku, kutoka kibanda cha jirani. Mashine ilikuwa karibu. Kulirekodi ingekuwa wizi.

Nimesita kutumia neno la jamii za amani, kwa kuwa wanaolisikia hudhani ni habari za watu ambao vita haviwafikii. Vita viliwafikia. Mwishoni mwa 2002, mapigano ya waasi yaliposhuka Mambasa na vijiji vyake, Wambuti walikuwa miongoni mwa waliouawa, na maovu waliyotendewa yalichunguzwa na Umoja wa Mataifa. Mei 2003 mwakilishi wao alisafiri hadi New York kuyaeleza mbele ya jukwaa la watu wa asili la Umoja huo. Kutopigana hakukuwakinga na chochote. Leo kuna misumeno ya moto na machimbo ya dhahabu ndani ya hifadhi ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, na vijana wa kambini hupata vibarua huko, wakarudi na simu zenye rumba. Wazee hawaichukii rumba. Wanachosema ni kwamba simu haisikilizi.

Jambo la mwisho ni ruhusa, na hili limetugharimu mikutano mingi kuliko kurekodi kwenyewe. Mwaka 1966 ilitolewa rekodi ya muziki wa Wababenzele, ndugu wa Waaka, yenye mlio wa filimbi ndogo inayopokezana na sauti ya mwimbaji. Mwaka 1973 mwanajazi Herbie Hancock alifungua wimbo wake mmoja kwa mlio huo, mpigaji wake akiuiga kwa kupuliza chupa, na mlio ukaendelea kuhama kutoka mwanamuziki mmoja hadi mwingine. Waliopuliza filimbi msituni walibaki bila jina. Niliwasimulia wazee habari hiyo kwa kuwa niliona wana haki ya kuijua kabla ya kunikubalia. Walijadiliana mpaka usiku, kila mtu akisema, hakuna aliyefunga kikao. Asubuhi majibu yalikuwa haya: nyimbo za asali na za uwindaji zirushwe, za elima wasichana waulizwe, siyo baba zao, molimo usirekodiwe. Na asitajwe mtu mmoja kuwa ndiye mwimbaji, itajwe kambi. Walitaka pia memori kadi yenye nyimbo zote, na betri.

Mhariri alinung'unika juu ya jina. Wasikilizaji, alisema, wanataka kujua nani anaimba. Tulibishana, akakubali kwa sharti kwamba kipindi kisizidi dakika kumi na tano. Msimu wa asali ukifika tutarudi na vinasa sauti vidogo vya kubana kwenye nguo, vinne kama fedha itatoka, na tayari tumeletewa ujumbe kwamba nani atavivaa hilo siyo la redio kuamua.